Milimita Ishirini na Saba

Bi Ornella alizileta kwa tuktuk,
mbao mbili zimechomoza nje kama pembe,
Maweni nzima ikainamisha vichwa.
"Mbeyu," akaniambia, "kule kwetu wamekataa.
Vibano vya zamani, wanasema, hawavigusi."
Nikacheka. Kikongwe kikikataliwa kwingine
hapa ndipo kinaposhushwa: pasi, feni,
baiskeli ya posta, mguu wa bandia wa Mzee Kombe.

Theluji naijua ile ya friza ya samaki,
unayoikwangua kwa kijiko.
Lakini springi ni springi,
na skrubu haiulizwi imezaliwa nchi gani.

Zilikuwa za marehemu Renzo. Miaka thelathini
zimetundikwa juu ya friji, zikila chumvi ya hewa.
Kwenye reli ya kisigino, chini ya kutu,
pale buti lake lilipoishia: mia tatu kumi na nane.
Sasa buti ni la mjukuu, Tazio,
soli yake mia mbili tisini na moja.
Nilipima mara tatu,
mara ya tatu kwa rula ya chuma ya mwanangu.
Milimita ishirini na saba baina ya babu na mjukuu,
na kutu kati yao kama gundi.

Mafuta ya taa, usiku kucha.
Asubuhi nikagonga, taratibu, kama unayemwamsha mgonjwa.
Reli ikalia. Ikasogea tundu moja,
ikagoma,
ikasogea.

Mbele, kwenye ncha, buti lisikandamizwe wala lisielee.
Nilipitisha risiti ya tokeni za stima chini ya soli:
ikipita kwa kusugua, ndiyo;
ikichanika, legeza;
ikipita kama mpangaji asiyedaiwa kodi, shusha.
Zilichanika risiti nne.

Halafu ile tarakimu.
Kidirisha kidogo, mshale ndani, tatu hadi kumi:
nguvu ya kung'ang'ania.
Mshale wa Renzo ulikuwa kwenye kumi,
kichwa cha skrubu kimelika kwa kukazwa.
"Hakutaka kitu kimtoke," akasema Bi Ornella.
"Siku aliyoanguka, mbao haikutoka. Lilitoka goti.
Ndivyo tulivyofika Malindi. Goti lilitaka joto."

Nikabaki na bisibisi mkononi.
Maisha yangu yote nimelipwa kukaza:
bawaba, minyororo, miguu ya vitanda.
Hakuna aliyewahi kuniletea kitu akasema,
kifundishe kuachia.

"Kilo ngapi huyu?"
"Arobaini na nne."
"Huanguka?"
Tazio akatazama viatu vyake. "Sana."
Skrubu ile mbovu nikaitoa, nikatia ya baiskeli ya posta,
uzi wake ukakubali. Nikarudisha mshale:
nane, sita, nne,
tatu na chembe.

Akasimama sakafuni, Januari imepamba moto,
jasho linachuruzika ndani ya plastiki ile.
"Zungusha mguu."
Tak.
Watoto wa jirani wakashangilia, wakataka tena.

Lakini sakafu si mlima.
Tukaenda Mambrui, kwenye vilima vya mchanga.
Mchanga mbishi; alishuka kwa mwendo wa kobe,
kisha akapata kasi, ncha ikazama, mwili ukatangulia,
na kabla ya ukelele wa bibi yake nikasikia
tak, tak,
mbao zimebaki nyuma zimechomeka,
mtoto anabiringika mpaka chini.
Akainuka anatema mchanga, anacheka,
magoti mawili, yote mahali pake.

Bi Ornella hakumkimbilia.
Alipiga magoti kando ya mbao, akaweka kidole
juu ya kile kidirisha, akakaa hivyo.
Mimi nikajifanya natafuta kopo la grisi.

Tulipatana elfu moja na mia mbili.
Alipokwisha kulipa akaiomba ile skrubu iliyolika kichwa.
Nikampa bila kuifuta kutu.