Sekunde ya Kumi na Moja

Karatasi ilifika kwa baiskeli, rimu sita
zimefungwa kamba ya mkonge nyuma ya kiti,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Nikaanzia hapo: simu wima,
sekunde thelathini, gurudumu, kamba, kivuli.
Watu elfu mbili wakatazama baiskeli.

Siku ya pili niliwaonyesha ukurasa ukiwa uchi:
safu tatu, pambizo pana upande wa kidole gumba,
maana msomaji anahitaji mahali pa kushikia
bila kuziba neno.
Nikasema nafasi tupu si ubahili,
ni pumzi.
"Punguza mawaidha," akasema Semhando, "waonyeshe mashine."

Haya. Mashine.
Semhando na fulana yake iliyokwisha kuwa ramani,
buluu begani, waridi tumboni, manjano alikofutia kidole.
Anaisikiliza rola
kama mama asikilizavyo kikohozi cha mtoto usiku.
Wino ukiwa mzito hulalamika: chwa, chwa.
Ukikaa sawa, hunong'ona.
Nilirekodi mnong'ono peke yake.
Hiyo haikupendwa.

Kisha karatasi kubwa, kurasa kumi na sita kwa mkupuo,
nane usoni, nane mgongoni,
nusu zimesimama kwa vichwa.
Ya kwanza inalala na ya kumi na sita,
ya nane na ya tisa,
kila wawili jumla yao kumi na saba,
kama ndoa zilizopangwa na karani wa hesabu.
"Hazijui kwamba zitafuatana," nikaiambia simu,
"mpaka mkono ukunje."
Nilijiona hodari sana.

Asubuhi simu ikalia. Muheza. Sauti ya mwanamke:
Wewe wa jarida, simamisha hiyo mashine.
Sekunde ya kumi na moja, ukurasa wa tisa,
huyo aliyebeba singa mabegani
ni baba yangu. Si Shemdolwa.
Shemndolwa.
Mmemlia n yake.

Rudi nyuma. Sekunde ya kumi na moja. Kidole kwenye kioo.
Herufi za pointi nane, chini ya picha,
nilizozisoma mara nne nikaziona sawa mara nne.
"Imeshasimama," akasema Semhando,
"imemaliza kazi."
Nakala mia tatu,
zimekunjwa, zimepigwa pini, zinanuka mafuta ya taa.

Bamba jipya ni pesa. Karatasi ni pesa.
Kalamu nyeusi, shilingi mia tano.

Tukaketi watatu, mimi, Semhando, na Zuwena aliyechora jalada.
Fungua tisa, tafuta jina,
weka n ndogo juu ya mstari
na kijimkia cha kuielekeza ishukie wapi,
puliza, funga.
Za mwanzo zilitetemeka.
Kufika ya mia mkono ulishajua njia.
Ya mia mbili na kumi, umeme ukakatika,
tukaendelea kwa tochi ya simu,
kazi pekee iliyofanya simu usiku ule.

Akaja mwenyewe kwa basi la kwanza.
Hakutoa asante.
Alifungua nakala kumi, moja baada ya nyingine,
akilinganisha n kwa n,
akarudisha tisa mezani,
akabaki na ile ambayo wino ulichafuka kidogo,
alama ya gumba la Semhando pembeni.
Akalipa kwa noti ya elfu kumi.
Akasubiri chenji yake.