Meno Yasiyofunikwa

Wasemao meno ya mbwa hayaumani
hawajasimama chini ya mtambo huu, ukingoni mwa Gobi,
usiku wa Januari, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Gia imelala chali, pana kuliko zizi,
haina kifuniko, haina boma:
meno mia mbili na kumi na sita, kila jino unene wa paja,
na pinioni mbili zinayatafuna
na kutafunwa.

Norjmaa ana makopo matatu na vijiti vitatu.
Mhasibu ana fomu yenye kisanduku kimoja.

Kopo la kwanza ni mafuta meusi, jamaa ya lami,
yananuka barabara mpya.
Miaka kumi na tisa yamepakwa hapa kwa brashi na ndoo.
Luvsandorj huyasifu kama mtu asifuvyo farasi aliyekwisha kufa:
"Hayo yakishika, yameshika."
Kweli. Yanashika na mchanga,
yanashika vumbi la makaa, unyoya wa kunguru,
glavu ya mtu aliyehamia Darkhan.
Ndani ya koti hilo hujui jino lipi zima, lipi linakufa.

La pili kijivu, limekorogwa na unga wa grafiti.
Muuzaji alilileta amevaa viatu vya mjini,
akachora jedwali, akataja mnato, akataja mzigo.
Baridi hakuitaja.

La tatu lina rangi ya chai ya rangi,
chai ambayo huku hainywewi; huku chai ni maziwa na chumvi.
Jino unaliona kupitia kwake.
Bei yake
ilimfanya mhasibu avue miwani.

Jioni alichomeka kijiti katika kila kopo,
akayaacha juu ya theluji nyuma ya kontena la vipuri,
akaenda kulala.
Mama yake hakuwahi kusikia neno mnato,
ila alijua mafuta ya kondoo hayapakwi viatu mwezi huu:
huganda, hupasuka, huiacha ngozi na kiu yake.
Mwezi huu ni mafuta ya kwato, yaliyochemshwa taratibu,
yasiyojua kulala.

Alfajiri akavuta.
Kijiti cha kwanza kiliinuka na kopo zima,
kama mtoto aliyekumbatia mguu wa mgeni.
Cha pili kilikatika.
Cha tatu kilitoka polepole, kikivuta uzi,
na uzi haukukatika mpaka ulipofika kifuani pake.

Ungedhani hapo shairi limekwisha.
Lakini Julai ipo, na Julai ya huku haina utani.
Jua likikaa juu ya chuma, uzi ule ule
utalegea, utachuruzika, utaaga.
Jino litakutana na jino pakavu,
na msuguano haupigi hodi.

Basi akapanda na tochi, tambara na dizeli,
akasugua lami ya miaka kumi na tisa kutoka jino moja tu,
la sitini na moja, kwa kuwa lilikuwa karibu na ngazi.
Saa nzima.
Chini yake vishimo, vidogo, vingi,
uso uliopona ndui,
na ufa mmoja, mwembamba kama unywele,
ukielekea shinani.

Hakumwita mtu. Alikaa kwanza, akapuliza vidole.
Kisha akaitandaza fomu gotini,
akakigawa kile kisanduku kwa mstari mmoja:
juu *baridi*, chini *joto*,
mafuta ya rangi ya chai na ndugu yake mzito,
majina mawili, bei mbili,
na pembeni, mahali pasipoulizwa kitu:
*Jino la sitini na moja. Njooni mwo*

Wino uliganda hapo.
Akaitia kalamu mdomoni mpaka ikapata joto,
akamalizia.