Fedha ya Mayai

Hesabu ya kwanza ya chuo iliandikwa kwa kalamu ya risasi
nyuma ya kalenda ya duka la mbegu:
Gunhild Aasen, mayai, dazeni sita.
Mjane Tveit, siagi, ratili nne.
Oline wa kando ya reli, kuku mmoja, hai.
Haba na haba, kibaba kikajaa,
na pale uwandani Dakota, pasipo hata kichuguu cha kuzuia upepo,
matofali yakapanda ghorofa tatu,
msalaba juu yake,
na kengele kutoka Norwe iliyofika na ufa.

Wasichana wakaja na Katekisimu
na magunia ya viazi kuwa karo.
Wakafundishwa Kigiriki, hesabu, kinanda,
na kutocheka kwa sauti ukumbini.
Mwaka wa mafua ukumbi ukawa wodi.
Mwalimu Borghild Lunde alizika sita,
kisha akakaa kusahihisha mitihani yao,
maana, alisema, kazi iliyofanywa hainyimwi alama.

Mimi nilikuja jioni ya mambo.
Tulikuwa ishirini na tisa, kisha kumi na saba,
kisha sisi wanne na mpishi.
Ng'ambo ya mto chuo cha wanaume kilifungua mlango
nusu, kama mtu anayepokea barua,
tukaambiwa huo ndio ushindi.
Huenda ulikuwa.
Mdogo wangu alisomea kule udaktari wa mifugo
na hajawahi kulilia tofali.

Kura ilipigwa Februari, theluji imefika madirishani:
wachungaji kumi na mmoja, mikono juu.
Mjukuu wa Gunhild ndiye aliyewapelekea kahawa.
Hakuulizwa neno.
Alimimina, akahesabu mikono, akarudi jikoni
akaosha vikombe kumi na kimoja.
Kibaba hujazwa na wengi;
cha kukimwaga, mkono mmoja hutosha,
nao walikuwa na kumi ya ziada.

Sasa ni ghala la mbolea. Macho yanawasha ukiingia.
Mwenye ghala, kijana mpole, amenipa ile kalenda
bila hata kuuliza naitakia nini.
Nimeigeuza hapo hapo, kati ya magunia.
Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, wino umepauka:
Kuku wa Oline amerudi kwao kwa miguu.
Ameletwa tena.

Nimecheka kwa sauti,
ukumbini.