Baisa Hamsini

Mashine tunayo, lakini mie huanza na sarafu.
Baisa hamsini. Nagonga bamba polepole,
kila upana wa kidole:
ti, ti, ti,
kisha du.
Hapo pana neno.

Bamba la kwanza limeteremshwa Jebel Shams,
ubavu wa tangi la maji, nyuzi za kioo na gundi.
Mwezi wa kwanza, alfajiri, maji yameganda bombani,
fundi akaponyokwa na spana.
Akainama, akapitisha kiganja: laini kama yai.
"Halina kitu," akasema, akaenda kunywa kahawa.

La pili ni la Ibri, mwezi wa saba,
paa la shule, saa sita mchana, spana ya uzito uleule.
Hili limebonyea kama shavu la asiye na meno.
Mwalimu mkuu kapiga simu Sohar mara tatu:
"Tangi langu limekufa!"

Thuweini anayalaza mezani, bega kwa bega.
"Lipi limeumia zaidi?"
Ananichokoza tu. Friza ile tumeijaza pamoja,
tanuri lile limemuunguza yeye kidole,
na kilo tano za chuma tumeziangusha
mpaka jirani wa ghorofa ya chini akaja kulalamika.

Joto huilegeza gundi. Pigo likija
hulipokea, huzama nalo, alama hubaki nje
kila mtu aione.
(Silisifu joto. Ongeza digrii kidogo
na spana hiyohiyo itatokea upande wa pili.)
Baridi huikaza. Gundi iliyokazika haijui kuinama;
pigo hulipitisha ndani,
ufa ukatambaa baina ya tabaka na tabaka,
zikabanduka kimya, upana wa sahani ya wali,
na juu ngozi inang'aa.

Nimeandika: *la Ibri, libandikwe kiraka.
La Jebel Shams, litupwe.*
Fundi atanishangaa.

Jioni nimerudi, sarafu bado mfukoni.
Mama yuko jikoni, anachambua mchele.
Tangu simu ile ya Unguja, kuhusu dada yake,
hajalia. Sijambo, husema. Sijambo, mwanangu.
Nikakaa karibu naye.
"Umekula, Mama?"
"Nimekula."
Nikasikiliza.
Nikasogea upana wa kidole,
nikauliza tena.