Kiboko wa Luchelele

Holo anaandika riwaya ya malaika
kwenye daftari la hesabu, nyuma ya stoo ya dagaa, Mwaloni.
Sura ya tatu imekwama: anataka joka.
Amelipa mbawa, pumzi ya moto,
theluji mgongoni.
"Theluji umeiona wapi?" namuuliza.
Anafuta kwa mate.

Mimi msahihishaji tu wa vipeperushi vya parokia,
lakini nimesoma kidogo. Wayahudi wa kale
walikuwa na Lewiathani, aliyejikunja kuizunguka bahari,
na Behemothi, anywaye mto mzima asishtuke,
na Lilithi wa usiku, aliyekataa kulala chini ya mume.
Watunzi wa ng'ambo waliwachukua, wakawavika deraya,
wakawaita mapepo, wakauza.

Mfasiri wetu alipowafikia
alitazama huku na huku, kama mgeni anayetafuta kiti,
akaandika: mamba.
Akaandika: kiboko.
Lilithi akawa babewatoto, ndege wa magofuni.

Holo kimya. Kalamu mdomoni.
Juzi, kule Luchelele, kiboko alipanda usiku
akala matuta mawili ya viazi vya Mama Nyanzobe,
akarudi ziwani bila haraka.
Asubuhi nyayo zilikuwa zimejaa maji,
vyura wameshahamia.

"Hata jiwe hakuna aliyemrushia," anasema,
kisha anafungua ukurasa mpya, anaandika
lile jina la zamani, kwa herufi kubwa,
na kumtia viazi mdomoni.

Juu ya bati babewatoto analia.
Huyo bado hana sura.