Dakika Ishirini

Sweta la shule lina vifungo vitano.
Kwa Gwakisa ni vijito vitano vya kuvuka
kabla jua halijachungulia mgongoni mwa Rungwe,
na kila asubuhi anazama kwenye cha tatu.

Mimi ni mchuma chai. Vidole vyangu
huona bila macho: majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi, mpaka kapu linielemee.
Nilidhani vidole hurithiwa, kama pua.

Alivunja vikombe, tukasema ana haraka.
Alianguka pasipo na jiwe.
Jirani akauliza nilikula nini nikiwa na mimba yake.
Darasa la pili, daftari likarudi nyumbani
na wino mwekundu: Mvivu. Mchafu.
Viganja vyake navyo vilikuwa vyekundu.

Lakini muulize. Muulize kwa mdomo
saba mara nane ni ngapi,
gari la chai lilibeba kilo ngapi Jumanne
(anajua, hukaa na karani wa mizani).
Majibu yamo. Njia ya kutoka kichwani hadi kwenye penseli
ndiyo iliyokatika, kama barabara ya Masoko wakati wa masika.

Nikampeleka Mbeya, hospitali ya rufaa.
Dada mwenye koti jeupe akampa uzi na shanga,
akamwambia ruka kwa mguu mmoja.
Gwakisa akaruka, akaanguka, akacheka.
Yule dada hakucheka. Aliandika.
"Si uvivu," akasema, "wala hamjarogwa.
Ubongo unatoa amri, mikono inaisikia kwa mbali."
Neno lenyewe dispraksia. Nililirudia njiani,
Uyole, Isyonje, Kiwira,
kila kituo likinidondoka silabi.

Mara ya kwanza Mwalimu Mkuu alikuwa kikaoni.
Mara ya pili aliisoma barua akiwa amesimama.
"Mama Gwakisa, darasa lina watoto tisini na sita,
na huyu anaona, anasikia, anatembea.
Kwenye fomu nimweke safu ipi?"
Akasema pia bajeti.

Mara ya tatu nilikwenda na mfuko,
nikaumwaga mezani pake:
penseli niliyoizungushia tyubu ya baiskeli,
viatu visivyo na kamba,
daftari la mistari mipana
niliyoichora mwenyewe usiku, kwa rula na kibatari.
Nikasema: vitu ninavyo. Siombi hela.
Naomba akae mbele, fimbo ikae mbali,
na siku ya mtihani, wenzake wakishatoka,
naomba dakika ishirini.
Hata chai tuliyokwisha kuichuma
hulingoja gari zaidi ya hapo.

Akaishika ile penseli. Akaandika jina lake
pembeni mwa gazeti, akaliandika tena.
Mvua ikapiga bati
mpaka hakuna aliyeweza kusema neno.
Ilipopungua, Mwalimu Tusajigwe wa darasa la tatu,
aliyekuja kuchukua chaki tu,
akainua mkono kama mwanafunzi.
"Nitakaa naye mimi."

Basi ndivyo ilivyo sasa.
Hisabati anapewa dakika zake.
Wa Sayansi husema amesahau, kila wiki.
Watoto bado humwita Telezi,
na kwenye mpira huwekwa kulinda mashati ya wenzake.
Juzi alileta kumi na nane kwa ishirini.
Swali la mwisho hakuliandika;
Mwalimu Tusajigwe kaweka neno moja pembeni: kanieleza.
Nimelisoma neno hilo
kuliko nilivyoisoma barua ya hospitali.

Leo asubuhi sweta limefungwa upande,
kifungo kimoja kimebaki juu bila tundu.
Mikono yangu ikataka kwenda.
Nikaipa kapu ishike.
"Twende, mama," akasema, "nimemaliza."