Ankara ya Sifuri

Mvua ya Valdivia haipigi hodi.
Imeshukia ufa wa bati mpaka ndani ya boksi
la nakala zetu thelathini za konokono wa mtoni,
tulizowachapia wakutubi wasioamini skrini.
Eduvina anazianika juu ya jiko la kuni,
moja moja, kama nguo za mtoto mchanga.

Sisi ni wachapishaji. Yaani: watu wawili,
kompyuta moja na nusu,
jarida linalotoka mara mbili kwa mwaka
mwaka ukiwa mwema.
Anayeandika halipi. Anayesoma halipi.
Watu wakisikia hivyo hutupa hongera,
kisha huinamisha sauti
kama wanaoulizia ugonjwa: sasa nani analipa?

Analipa Eduvina, aliyekesha
akinyoosha majedwali ya Dakta Harmsen,
safu mia mbili na kumi za vipimo vya magamba,
na mikato aliyoimwaga ovyo kama chumvi.
Ninalipa mimi, kila Jumanne na Alhamisi jioni,
nikiwafundisha kemia watoto wa mwenye kiwanda cha mbao.
Wamelipa wale wasomaji wawili wa siri
walioipitia rasimu mara tatu
na hatukuwapa hata chai.
Seva haili asante. Seva hulipwa Ijumaa.

Mwezi wa nne, chuo cha Dakta Harmsen huko Ujerumani
kiliandika. Bwana Tjark Lüdemann, ofisi ya ada:
tunao mfuko wa kuwalipia watafiti wetu
ili kazi zao zisomwe bure. Leteni ankara.
Nikajibu: hatutozi.
Akajibu: nimeelewa. Ni kiasi gani?
Nikajibu: hakuna kiasi, ila mkipenda kuchangia,
bati letu linavuja.
Kimya cha siku tisa. Kisha:
mchango hauna kisanduku kwenye fomu.
Kuna kisanduku cha ada tu.
Mkitoza yuro elfu mbili na mia nane, nitazilipa kesho.

Elfu mbili na mia nane!
Eduvina alihesabu kwa vidole, akahesabu kwa kikokotoo,
akatazama juu, pale maji yanapoingilia.
Ukimtoza Harmsen, akasema,
utamtoza na Nahuelpán,
mwalimu wa shule ya msingi kule bondeni
anayehesabu konokono baada ya vipindi
kwa buti za kuazima.
Nikasema, tumtoze mwenye nacho, tumwache asiye nacho.
Na nani atakaa mlangoni kupekua mifuko?
Mimi nitapanga majedwali, alisema. Mlangoni sikai.

Sikuwa na jibu, nilikuwa na hasira tu.
Wahenga walituonya kwamba rahisi ni ghali,
wakaenda zao bila kutwambia bure ni bei gani.

Basi usiku ule, kwa ukaidi, nikaandika ankara.
Kuhariri: sifuri.
Majedwali, safu mia mbili na kumi: sifuri.
Mikato iliyorudishwa mahali pake: sifuri.
Macho ya Eduvina Catrileo, jozi moja: sifuri.
Jumla sifuri, ilipwe ndani ya siku thelathini.
Nikaituma kabla akili hazijanirudia.

Siku ya ishirini na nane ilikuja risiti,
yenye mhuri na namba ndefu kuliko ya simu:
imelipwa kikamilifu.
Na chini yake, nje ya visanduku vyote,
mistari miwili ya kalamu:
*Mfumo umekubali. Nimeusoma utafiti wote.
Sikujua wapo wanaojipinda kushoto.*

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikaichapa,
nikampelekea Eduvina pale jikoni.
Aliisoma, akaigeuza.
Nyuma ilikuwa nyeupe, karatasi nzuri kabisa.
Akatafuta penseli, akaandika:
seva, Ijumaa. Misumari ya bati.
Mwulize Nahuelpán saizi ya mguu.